“Nina mawazo”: namna ya kuyapangua yanapogeuka ugonjwa

Mtu akikwambia “nina mawazo,” usipite haraka. Katika Kiswahili cha kila siku neno hilo limebeba mengi kuliko fikra. Ndani yake mna usingizi unaokatika saa tisa usiku, mna kichwa kinachobana kuanzia kisogoni, mna tumbo linalojaa gesi hata kama mtu hajala, mna moyo unaokwenda mbio na mwenyewe amekaa kitini. Ndiyo maana mgonjwa wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, akifika zahanati hasemi ana huzuni. Anasema mwili hauna nguvu. Anasema mgongo unawaka moto. Anaomba apimwe malaria na taifodi. Majibu yakitoka safi anapewa dawa ya maumivu, na wiki mbili baadaye yuko tena kwenye foleni ileile, safari hii akiamini ana vidonda vya tumbo au presha. Hadanganyi. Maumivu yapo. Ila hakuna aliyemuuliza: mawazo hayo ni yapi, na yamekuzuia kufanya nini?

Magonjwa mawili hujificha sana ndani ya neno hilo: sonona, na wasiwasi uliopitiliza. Ndiyo yanayowapata watu wengi zaidi kati ya magonjwa ya akili, na mara nyingi huja pamoja. Yanatibika, na sehemu kubwa ya tiba haihitaji mashine wala daktari bingwa. Inahitaji utaratibu. Ndugu na majirani wengi husaidia kwa moyo wote, wanaleta chakula, wanaombea, wanakesha, na bado mtu hapati nafuu, kwa sababu utaratibu haupo.

Mabibi wa Mbare

Washona wa Zimbabwe wana neno lao kwa jambo hilihili: kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi Mbare, kitongoji cha Harare, akiwa na mabibi 14 waliokuwa wakijitolea katika huduma za afya za jamii. Chumba hakikuwepo, wauguzi walikuwa wamezidiwa, basi wakakaa nje kwenye benchi la mbao. Mwanzoni benchi lilihusishwa na afya ya akili kwa jina, na watu wakalikwepa. Mabibi wenyewe ndio walioshauri liitwe benchi la urafiki. Jina lilipobadilika, watu wakaja.

Kisha kazi yao ikapimwa kisayansi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: watu 573 kutoka zahanati 24 za Harare, nusu wakikaa na bibi benchini, nusu wakipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Baada ya miezi 6, waliokuwa bado na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa asilimia 13.7. Upande wa pili walikuwa asilimia 49.9. Benchi hilo limeshafika Malawi na Zanzibar.

Kinachonigusa zaidi katika habari hii ni kile ambacho mabibi walifundishwa wasikifanye. Bibi wa Kiafrika ana hazina ya mawaidha, na mazoea yake ni kuyatoa mara tu anaposikia shida. Kwenye benchi alitakiwa kuyazuia. Hatua ya kwanza waliita kuvhura pfungwa, kufungua akili: mtu aseme yote, bibi asikilize, aorodheshe. Ya pili, kusimudzira, kuinua: achaguliwe adui mmoja, na mwenye shida ndiye achague. Ya tatu, kusimbisa, kuimarisha: mpango ukazwe, na watu wakutane tena. Vikao sita kwa kawaida, kila kimoja kama dakika 45. Nitarudi kwenye hatua hizi, maana hata dada na mdogo wake wanaweza kuzifanya ukumbini nyumbani. Lakini kwanza tujue tunapambana na nini.

Mawazo ya kawaida na mawazo ya ugonjwa

Kipimo cha kwanza ni muda. Siku tatu za kukosa raha baada ya kugombana na mwajiri ni maisha. Wiki mbili, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, hapo tunaanza kuuliza maswali. Kipimo cha pili ni kazi za kawaida: je, mtu bado anafungua duka kwa wakati, anaoga, anajibu simu, anawafokea watoto kuliko zamani?

Liko dodoso la maswali tisa, PHQ-9, ambalo hutumika pia kwa Kiswahili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya kufanya mambo, kujisikia mnyonge au kukata tamaa, usingizi mdogo au mwingi mno, uchovu, kula kidogo au kupita kiasi, kujiona umeshindwa au umeiangusha familia, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, kuwa mzito wa mwendo na maneno, au kinyume chake, kutotulia, na kuwaza kwamba bora ufe au ujidhuru. Kila swali lina alama 0 kama hapana kabisa, 1 kama ni siku kadhaa, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 kama ni karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 5 ni dalili nyepesi, 10 ni za wastani, 15 zimekaribia kuwa kali, 20 ni kali. Ukifikisha 10, nenda ukaonane na mtoa huduma wa afya. Dodoso si hukumu, ni sababu ya kufunga safari.

Linaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mtu kuulizwa mbele ya wengine. Mwanamke akiulizwa mama mkwe akiwa ameketi pembeni, majibu yote yatakuwa sifuri. Mwanamume akiulizwa mbele ya mkewe, vivyo hivyo. Ya pili ni kuangalia jumla na kusahau swali la tisa. Mtu anaweza kupata alama 6 tu, lakini kati ya hizo amekubali kwamba amewaza kufa. Huyo anahitaji kuzungumza na mtu siku hiyohiyo, si wiki ijayo.

Kabla ya kusema ni akili, mwili nao upimwe. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana kabisa na sonona, na kwa wanawake wenye hedhi nzito ni jambo la kawaida sana. Tezi la shingo likizembea, mtu huwa mzito, hunenepa, huona baridi. Likizidisha kazi, moyo hudunda na mikono hutetemeka kama mwenye wasiwasi. Kisukari, kifua kikuu na virusi vya ukimwi navyo huchosha na kunyong'onyeza. Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye dolutegravir, usingizi unaweza kukatika. Aulize kliniki kama anaweza kumeza asubuhi badala ya usiku, asiache dawa. Na mama aliyejifungua karibuni aulizwe kwa upole, kwa faragha, maana wengi huona aibu kusema hawana furaha na mtoto ambaye ukoo mzima unamshangilia.

Msiba nao usichanganywe na ugonjwa. Aliyefiwa analia, halali, hali, na hiyo ni haki yake. Mila zetu zina hekima hapa: watu wanalala matangani, chakula kinapikwa na majirani, mfiwa haachwi peke yake. Tatizo ninaloliona ni baada ya arobaini. Turubai limeshaondoka, mikeka imekunjwa, wageni wamerudi makwao, na hapo ndipo mfiwa anabaki na ukimya wa nyumba. Kama una nguvu ya kumtembelea mfiwa mara moja tu, nenda wiki ya saba.

Hofu inayokupeleka hospitali usiku

Wasiwasi una namna nyingi, ila hii moja inastahili kuelezwa kwa undani kwa sababu inawatisha watu kupita zote. Mtu yuko kwenye daladala, au amelala. Ghafla moyo unapiga kwa nguvu, kifua kinabana, pumzi haitoshi, vidole na midomo vinafanya ganzi, anahisi anakufa au anapata wazimu. Anakimbizwa hospitali. Anapimwa moyo, uko sawa. Anaambiwa huna kitu, rudi nyumbani. Wiki inayofuata inarudi, na sasa anaogopa hata kupanda daladala.

Si kweli kwamba hana kitu. Ana shambulio la hofu. Mwili umewasha king'ora cha hatari pasipo hatari: unapumua haraka ili ukimbie, lakini hukimbii. Kwa kupumua hivyo unatoa hewa ya kaboni nyingi mno kuliko mwili unavyoitengeneza, na kupungua kwake kwenye damu ndiko kunakoleta ganzi ya vidole, kizunguzungu na hisia kwamba pumzi haitoshi. Basi unazidi kuvuta hewa, na ganzi inazidi. Huo ndio mzunguko wenyewe. Kilele hufika ndani ya dakika kama kumi, kisha hushuka chenyewe, hata usipofanya lolote.

Cha kufanya: kaa, weka mkono juu ya kitovu. Vuta hewa puani taratibu kwa kuhesabu moja mpaka tatu, mkono uinuke. Itoe mdomoni polepole kwa kuhesabu mpaka sita, kama unapoza chai bila kuimwaga. Kazi iko kwenye kutoa. Kosa kubwa ni kuvuta pumzi ndefu-ndefu kwa nguvu kwa sababu mtu pembeni anakuhimiza “vuta pumzi, vuta pumzi.” Hilo linaongeza moto. Fanya zoezi hili dakika tano kila siku ukiwa mtulivu, asubuhi na jioni; anayelijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya shambulio mara nyingi hushindwa, kisha husema halifai.

Na usianze kukwepa. Ukishuka kwenye daladala kila hofu inapokuja, akili inajifunza kwamba daladala ndiyo hatari. Panda kituo kimoja, kesho viwili, kisha vitatu, ukae mpaka hofu ishuke ukiwa humohumo. Kupima presha mara tano kwa siku nako ni aina ya kukwepa. Lakini maumivu ya kifua ya mara ya kwanza, hasa kwa mwenye zaidi ya miaka 40, au yanayosambaa mkononi na tayani pamoja na jasho jingi, hayo yapelekwe hospitali bila kubishana.

Daftari, kalamu na mama wa genge

Sasa turudi kwenye kupangua, zile hatua tatu za benchi tukizigawa kuwa tano ndogo. Tuseme ni mama mwenye genge la mboga Mbagala, Dar es Salaam. Zamani alifungua saa kumi na mbili asubuhi, nyanya akizipanga mafungu ya tano-tano, kubwa juu, ndogo chini. Siku hizi anafika saa nne, nyanya zinabaki kwenye tenga, mteja anachagua mwenyewe. Anasema ana mawazo. Amepata alama 14.

Hatua ya kwanza, kila kitu kitoke kichwani kiingie kwenye daftari. Msaidizi wake, tuseme ni dada yake, anauliza tu “na lingine?” mpaka amalize. Orodha inatoka hivi: mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa, wenye marejesho ya shilingi 35,000 kila Ijumaa, mume anakunywa, mama mzazi kijijini anaumwa miguu, paa linavuja, jirani hamsemeshi tangu Ramadhani, mtoto amekuwa mkali, yeye mwenyewe halali. Mambo saba. Kichwani yalikuwa kama mia, maana kila moja lilikuwa likiita lingine. Kuyaona saba kwenye karatasi peke yake kunashusha pumzi kidogo.

Hatua ya pili, kila jambo liandikiwe alama pembeni: linatatulika, halitatuliki, au si zito kwa sasa. Miguu ya mama mzazi ni ya uzee, haitaondoka, lakini simu ya kumjulia hali inawezekana. Jirani si jambo la leo. Pombe ya mume iko kwa mume. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanachagua shida kubwa kuliko zote na iliyo mikononi mwa mtu mwingine. “Mume wangu aache pombe” si lengo la mama huyu, kwa sababu hata afanye yote sawasawa anaweza kushindwa, na kushindwa huko kutaongeza sonona. Chagua jambo ambalo mikono yako inalifikia.

Anachagua mkopo. Hata huo ni mkubwa mno, unakatwa: marejesho ya Ijumaa mbili zijazo, basi.

Hatua ya tatu, mawazo ya suluhisho, hata ya kijinga, bila kuyakosoa kwanza. Akope kwingine alipe hapa. Auze friji. Amwombe mwenye mkopo amwongezee muda. Abadilishane zamu kwenye mchezo wa kina mama, apokee mapema. Auze mboga zilizokatwa tayari kwa wafanyakazi wanaorudi jioni. Amweleze kaka yake. Sita. Baada ya hapo ndipo yanapimwa, kwa kila moja faida na hasara. Kukopa kwingine kunafutwa, maana ndiko kulikomfikisha hapa. Friji inawekwa akiba. Anaanza na zamu ya mchezo, kwani haina gharama.

Hatua ya nne ni mpango wenye siku, saa na maneno. “Nitaongea na kijumbe,” yaani msimamizi wa mchezo, si mpango. Mpango ni huu: Jumanne, saa kumi na moja jioni, nikishafunga hesabu, nitapita kwake na kumwambia, “Dada, nina ombi. Zamu yangu ni ya tisa. Naomba nibadilishane na wa pili au wa tatu, nimebanwa na marejesho.” Anayasema maneno hayo kwa sauti mara tatu mbele ya dada yake, kwa sababu mwenye sonona akifika mlangoni ulimi huwa mzito na hugeuza njia.

Hatua ya tano, siku ya kukutana tena ipangwe kabla hamjaachana. Hii ndiyo huachwa kuliko zote, na ikiachwa kila kitu kimekwenda bure. Jumatano dada anarudi. Kijumbe amekataa, wa pili na wa tatu wameshapangia fedha zao. Dada asiseme “nilijua.” Aulize: ulikwenda? Alikwenda. Ulisema? Alisema. Mama ambaye wiki mbili alikuwa hajibu hata simu amesimama kwenye mlango wa mtu akaomba. Hilo linaandikwa daftarini kwanza, kisha wanachukua wazo la pili: mboga za kukatwa, mafungu kumi tu, Alhamisi jioni.

Shirika la Afya Duniani lina mpango unaofanana na huu, PM+, vikao vitano vya dakika 90, ambao umejaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia na ukawapa nafuu. Wanaouendesha huko si madaktari. Ni watu wa jamii waliofundishwa na wanaosimamiwa. Usimamizi huo ni muhimu, kwa sababu msikilizaji naye huchoka, na siri humlemea. Siri ikitoka mara moja tu mtaani, benchi limekufa.

Usiingoje hamu

Mwenye sonona huambiwa ajitahidi, naye hujibu kwamba hamu haipo. Ni kweli haipo, na haitakuja kwanza. Kwa ugonjwa huu mwendo hutangulia, hamu hufuata nyuma, tena kwa kuchelewa. Kwa hiyo anza na kitu kidogo ambacho ungeona aibu kukiita kazi: kuosha sufuria mbili, si vyombo vyote, kuoga kabla ya saa nne, kutembea dakika kumi mpaka dukani na kurudi, kupanga fungu moja la nyanya. Kila siku kitu kimoja cha lazima na kimoja ambacho zamani ulikipenda. Pembeni andika raha yako kabla na baada, kutoka 0 mpaka 10. Mara nyingi utashangaa: kabla 1, baada 3. Tatu si furaha, lakini ni ushahidi dhidi ya sauti inayosema hakuna kitakachosaidia.

Usingizi urekebishwe kutokea asubuhi. Amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, usijilipe kwa kulala mchana mzima. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana. Mirungi huiba usingizi na kurudisha wasiwasi, hakuna njia ya kuizunguka. Pombe hulaza upesi na kuamsha saa nane usiku, moyo ukidunda. Ukikaa macho kitandani kama dakika 20, ondoka, kaa kwenye kiti gizani mpaka usingizi urudi. Simu ibaki chumba kingine.

Dawa: kinachofanya watu waziache

Sonona ya wastani au kali inaweza kuhitaji dawa, na zinazopatikana zaidi kwenye vituo vya umma ni amitriptilini na fluoksetini. Amitriptilini huanzishwa kidogo, kwa kawaida miligramu 25 usiku, kisha hupandishwa taratibu. Huleta usingizi, kinywa kikavu na choo kigumu. Fluoksetini humezwa asubuhi, mara nyingi miligramu 20, na wiki ya kwanza inaweza kuleta kichefuchefu na kutotulia.

Hapa ndipo dawa hushindwa, na sababu si kemia. Madhara huja siku ya pili, faida huja wiki ya nne mpaka ya sita. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo huona kwamba dawa inamdhuru tu, anaiacha siku ya kumi. Akiambiwa mapema, hukaza moyo. Kosa la pili ni kuiacha mara anapopata nafuu. Matibabu huendelea miezi 9 mpaka 12 baada ya dalili kwisha, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu pamoja na daktari.

Mambo matatu yasemwe wazi kwa mtoa dawa. Kama umewahi kuwa na siku kadhaa za furaha ya kupitiliza, maneno mengi, matumizi ya ovyo na kutolala bila kuchoka, mwambie, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine na dawa hizi zikitumika peke yake huuwasha. Kama unatumia tramadoli, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wa bodaboda ili kustahimili siku, mwambie pia. Ikikutana na dawa hizi inaweza kuleta degedege. Na vijana chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Amitriptilini nyingi kwa pamoja ni sumu kwa moyo, hivyo ndani ya nyumba yenye mtu aliyekata tamaa zitunzwe na mwingine na zitolewe kwa siku chache. Valiamu ya dukani isitumike kama tiba ya mawazo. Baada ya wiki chache mwili huizoea na kuiacha huwa mateso.

Uliza kwa jina lake

Watu wanaogopa kuuliza kuhusu kujiua, wakihofia kwamba swali litapanda mbegu. Halipandi. Linampa mtu nafasi ya kutua mzigo aliobeba peke yake. Uliza kwa upole na kwa maneno kamili: “Ndugu yangu, mambo yalivyo mazito, umefikia hatua ya kutamani kufa? Umewaza kujitoa uhai? Umepanga namna?” Akisema ndiyo, usimhutubie kuhusu dhambi wala kuhusu watoto wake; tayari anajiona mzigo kwao. Kaa naye. Kama ana mpango, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, sumu za shambani na dawa zitolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka katiba. Ni uamuzi uliokuja kwa kuchelewa mno, kwani hofu ya polisi imewazuia wengi kupelekwa kutibiwa.

Kuhusu majini na kurogwa, ushauri wangu kwa wahudumu na kwa wanafamilia ni msibishane juu ya chanzo. Familia inayoamini ni jini haitageuzwa na hotuba. Kubalianeni juu ya mambo ya kufanya: dua na maombi yaendelee, dawa ziendelee pia, hakuna kufunga minyororo, hakuna kupiga, hakuna kumnyima chakula. Mashehe na wachungaji wengi, wakifuatwa kwa heshima, husema wenyewe msikitini na kanisani kwamba kumeza dawa si upungufu wa imani, na neno hilo likitoka kwao lina uzito ambao daktari hana.

Neno “jikaze” tulipumzishe. Badala yake sema: “Nimekuja, nina saa moja, tufanye nini pamoja?” Kisha ufanye, hata kama ni kuchambua mchicha kimya.

Sonona hurudi kwa baadhi ya watu, kwa hiyo kazi ya mwisho ya daftari ni kuandika dalili za mapema za mtu huyu, si za kitabu. Kwa mwingine ni kuacha kwenda kwaya. Kwa mwingine ni kunyoa ndevu mara moja kwa wiki badala ya tatu. Kwa mama wetu wa genge ni nyanya. Dada yake anapita njia ile kila asubuhi akienda kazini, naye ameshaandikwa kwenye ukurasa wa mwisho pamoja na siku ya kliniki: zikibaki kwenye tenga asubuhi tatu mfululizo mpaka saa nne, haulizi kwa nini, anazipanga mafungu ya tano-tano yeye mwenyewe, anafunga genge, wanapanda gari pamoja.